Mwaka wa Tairi Zisizo na Upepo

Kwenye pilau ya arobaini watu husema uongo mwingi, na mimi si mgeni wa hilo. Nimewahi kusifu marehemu kadhaa huku mdomo umejaa nyama. Lakini siku ya arobaini ya Bi Hidaya, katika nyumba yake ya Kasingirima ambako zamani nilipanga chumba, pilau ilinikwama. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema marehemu hakumkataa mtu, kwamba mlango wake ulikuwa wa wote. Nikainuka nikaenda nyuma, uani, kwa kisingizio cha kunawa. Huko nilimkuta Idi, mjukuu wake anayeishi Dar es Salaam. Amekuja kwa treni na baiskeli yake ya mbio, ameifunga blanketi kama mgonjwa. Anajua nina duka la vipuri pale Ujiji, akaniamkia, kisha bila kupoteza muda akaanza mambo yake. Anatembelea tairi za tyubulesi, zile zinazojazwa upepo bila mpira wa ndani, na anataka kubadilisha magurudumu, aende mpaka Kasulu na kurudi. Achukue ringi zile nyeusi za kaboni, za bei ya kutisha, au za alumini? Tairi nyembamba au nene? Nikamuuliza ninachomuuliza kila mteja: wewe una uzito gani, unabeba nini, unapita wapi. Nikamwambia achukue alumini, pana kidogo, maana ringi ya alumini ikigonga jiwe inapinda na fundi ataigonga irudi, ile nyeusi ikigonga jiwe unaibeba kichwani. Achukue tairi nene, aangalie waya wake wa pembeni ukae kwenye ringi kwa kubana hata kabla ya upepo, azibe matundu ya spoki kwa utepe mzima usio na mkunjo, na ile dawa ya maji inayoziba miiba aiongeze mara kwa mara, jua letu linaikausha. Akafurahi. "Bibi Zuhura, wewe umesomea wapi haya?" Kabla sijajibu, mzee mmoja mwenye kanzu safi alikuja kunawa, akainama pale kwenye baiskeli, akabonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba.

"Hii haina tyubu?" akauliza.

"Haina, babu," Idi akasema.

"Basi una bahati umezaliwa juzi. Zamani ningekukalisha chini." Akacheka, na waliokuwa wakisubiri maji wakacheka naye. Akanitazama kidogo, hakunikumbuka au alijifanya, akarudi kwenye pilau yake. Jina lake halisi nitamwachia mwenyewe. Mwaka ule tulimwita Kidole. Sikucheka, na mpaka naandika haya sijacheka.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, wakati malori ya misaada yalipokuwa yakitimua vumbi barabara ya Kasulu asubuhi mpaka jioni, na mjini Kigoma kila kitu kilipata bei mpya kwa sababu kulikuwa na watu wa kulipa bila kuuliza. Nyumba ya Bi Hidaya ilikuwa na vyumba vinne na korido ya katikati. Chumba changu kilikuwa cha kushoto, chenye dirisha linalotazama jiko la uani, kwa hiyo nilijua kila siku nani amekaanga nini na kwa mafuta ya nani. Chumba kinachofuata alikaa Goreti. Alikuwa amevuka kutoka Burundi kitambo, mjane kabla ya kutimiza miaka ishirini na mitano, na alishakaa pale muda wa kutosha hata kuku wa Bi Hidaya walikuwa wakimfuata yeye. Alipika muhogo na maharage ya mawese, akala taratibu kama mtu anayesikiliza. Ukuta kati yetu ulikuwa wa tofali moja, haukufika juu, nikawa namsikia akisali kwa Kirundi, na yeye ananisikia nikihesabu dagaa wangu mafungu, kisha nikihesabu tena. "Zuhura," alikuwa akiniita kupitia juu ya ukuta, "wameongezeka?" Nikamjibu kwamba dagaa hawaongezeki wakishakaushwa, ila pia hawapungui bila mtu, na mtu huyo nitamjua.

Goreti hakukaa kambini, na nilipomfahamu vya kutosha nilimuuliza kwa nini, maana kambini kulikuwa na mahindi ya bure na mimi sijawahi kuelewa mtu anayekataa cha bure. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. Alisema usiku mumewe alipouawa, waliokuja hawakujua nyumba yao. Alikuwepo jirani aliyewaonyesha mlango. Jirani huyo naye baadaye alikimbia, kama wote walivyokimbia, na sasa alikuwa kambini, mzima, ana kadi ya chakula kama wenzake. Goreti alimwona kwa macho yake siku ya kwanza ya kuandikishwa. Usiku uleule akatoka kwa miguu mpaka Mwandiga. "Mimi siogopi njaa," akasema. "Ninaogopa kulala mahali ambapo yule anajua mlango." Akaendelea na maharage yake. Tangu siku hiyo sikumuuliza tena habari za mahindi ya bure.

Baiskeli tuliziunda wawili. Wanawake kuendesha baiskeli ilikuwa jambo la kuchekesha Ujiji. Bi Hidaya alisema tutaharibu nguo na heshima, akaanza na nguo. Lakini tuliokuwa tukipeleka dagaa Kidahwe na kurudi na mawese tulikuwa tumechoka kulipa nauli ya mtu na nauli ya mzigo, kama vile mzigo nao umepata kiti. Fremu tulizipata kwa wauza chuma chakavu. Magurudumu yalikuwa kazi nyingine, na hapo Goreti alinifundisha, maana kaka zake walikuwa wakibeba ndizi kwenye baiskeli milima ya kwao. Tyubu hazikuwepo. Zilikuwepo, ndiyo, nyuma ya mapazia ya madukani, zikisubiri wanunuzi wa miradi. Sisi tulifunga tairi bila tyubu na bila upepo: unachana mipira ya ndani ya malori kuwa mikanda, unaizungusha kwenye ringi kwa kuvuta kwa nguvu, tabaka juu ya tabaka, mpaka tairi likivishwa linajaa. Wengine walijaza majani makavu. Goreti aliwadharau. "Majani ni ya mtu anayekwenda msikitini na kurudi," alisema, akisahau anaongea na Mwislamu.

Tairi la namna hiyo halisamehe ringi mbaya. Hakuna upepo wa kupokea kipigo, kila jiwe linapiga chuma moja kwa moja. Kwa hiyo tulichagua ringi kama watu wanavyochagua mkwe. Tulikataa zilizonyooshwa kwa nyundo, tukakataa zilizopakwa rangi ya fedha kuficha kutu. Tuligonga kwa kijiko, tukasikiliza kama sauti ni moja kuzunguka yote. Tuliviringisha ringi kwenye mchanga wa ufukweni Ujiji, tukatazama mstari wake kama unakwenda sawa au unayumba. Spoki thelathini na mbili mbele, arobaini nyuma. Muuzaji aliapa zimetimia, nikahesabu, nikahesabu tena, zikawa thelathini na tisa, na tundu moja kajaza nta. Nilimsimamia kichwani mpaka akaongeza spoki na kengele. Tairi nazo: tulitafuta zenye waya wa pembeni ambao haujala kutu, kwa sababu bila upepo hakuna kingine kinachoshikilia tairi kwenye ringi isipokuwa waya huo na ubishi wako. Ukikosea, tairi linachomoka kwenye kona na wewe unafuata. Baiskeli zetu zilikuwa ngumu kama benchi la shule. Jioni tulikuwa tukikaa kwenye mikeka kwa ubavu, Bi Hidaya akitutazama na kusema, "Wenzenu wanapanda magari." Lakini tulipita kwenye miiba na vigae vya chupa bila kuteremka, na wanaume wenye upepo wao walikuwa wameinama kando ya njia wakitafuta pancha kwenye beseni la maji.

Kisha kikawekwa kizuizi. Kilikuwa baada ya Mwandiga, penye mteremko kabla ya kufika Kidahwe: mti uliolazwa barabarani, kibanda cha mabua, na mgambo watatu. Amri ilikuwa kwamba mkimbizi asikae nje ya kambi, na atakayekutwa apakiwe kwenye lori. Sasa mgambo atamjuaje? Kiha na Kirundi vinaelewana. Waha na Warundi wa mpakani wameoana tangu babu zao. Kidole mwenyewe, mkubwa wa mgambo hao, alipowahi kuongea na Goreti sokoni akidhani ni Muha, walielewana kuliko walivyonielewa mimi. Mtu mwenye akili angeona hapo kuna jambo la kufikiria. Kidole akaona tairi. Mtu wa kambini hana pa kupata tyubu, baiskeli za kambini zote zimefungwa mipira. Basi bonyeza tairi, ukikuta upepo huyo ni wetu, ukikuta gumu huyo ni wao. Utaifa wa watu ukaamuliwa kwa kidole gumba. Na alikuwa akijisifu. Nilimsikia kwa masikio yangu kwenye kibanda cha chai Mwandiga, akiwaeleza wenzake: "Karatasi inaandikwa na yeyote. Tairi halidanganyi." Wakatikisa vichwa kama wanafunzi. Hasira niliyokuwa nayo siku ile ilikuwa bado ndogo, ilikuwa hasira ya mfanyabiashara.

Njia za porini zilishaanza kuviziwa. Goreti akakaa nyumbani wiki hiyo na ile iliyofuata, baiskeli imeegemea ukuta, na Bi Hidaya akaanza kuulizia kodi kwa sauti ya mtu anayeulizia afya. Nikaenda mjini kwa mwenye duka ninayemjua, wa nyuma ya pazia. Sitaeleza mabishano yote, yalianza kabla ya adhuhuri na yakamalizika amechoka kunisikia. Nilitoka na tyubu mbili mpya, bado zina unga. Mbili zinatosha baiskeli moja. Goreti alitaka tugawane, moja yake moja yangu, mbele upepo na nyuma mpira. Nikamwambia Kidole ana vidole zaidi ya kimoja. Tukazivisha zote mbili kwenye baiskeli yake, tukafungua ile kazi nzuri ya mikanda kwa kisu, na alipopanda kuzunguka uani akacheka kwa jinsi ilivyokuwa laini. "Na wewe?" akaniuliza. Nikasema mimi mtoto wa Ujiji, nani ataniuliza.

Tulitoka asubuhi, yeye mbele, mimi nyuma kwa umbali wa watu wasiojuana. Niliona kila kitu kutoka kwenye mwembe ulioegemea korongo. Aliteremka, akaamkia. Kidole akainama, akabonyeza mbele, akabonyeza nyuma, akampungia mkono apite. Pumzi niliyoitoa ilinishangaza. Nikafika na mimi, nikasema shikamoo afande kwa adabu yote niliyonayo, ambayo si nyingi. Akabonyeza.

"Kaa pale," akasema.

"Pale wapi? Mimi natoka Ujiji."

"Siku hizi wote wanatoka Ujiji."

"Nisikilize ninavyoongea, afande. Hiki ni Kiswahili cha kambini?"

"Kiswahili kinafundishika. Tyubu hainunuliki kambini. Kaa pale, dada, usinichoshe."

Nikakaa chini, kando ya lori, na watu wengine waliokuwa wameketi pale tangu alfajiri. Niliongea. Nilitaja mtaa, nilitaja msikiti, nilitaja majina ya wavuvi wanaonidai na ninaowadai. Mgambo wa pili, mwenye filimbi, akasema kama ni kweli basi apatikane mwenyeji wa kunidhamini, aseme ananijua. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao: anayekujua akisimama, unatoka. Mbeba mkaa mmoja aliyekuwa akishuka mjini nikamtuma kwa Bi Hidaya. Halafu nikatazama juu ya mteremko, nikamwona Goreti. Alikuwa amesimama na baiskeli, ameshapita, barabara nzima ya Kidahwe ipo mbele yake tupu. Nilimtikisia kichwa asirudi. Nilimkazia macho kwa nguvu zote za hasira niliyonayo. Akageuza baiskeli.

Alikuja taratibu, akaiegemeza kwenye kibanda, akasimama mbele ya Kidole na kusema, "Huyu dada ninamjua. Tunakaa nyumba moja, Kasingirima."

Kidole akamtazama kwa upole kabisa. Huo upole wake ndio sijausamehe. "Vizuri, mama. Na wewe nani anakujua?"

"Mimi namjua," nikasema kutoka chini.

"Wewe bado hujajulikana." Akawageukia wenzake. "Huyu anajulikana na yule, na yule anajulikana na huyu. Mnaona walivyoshikana?" Wakacheka. Goreti akaambiwa akae. Akaketi karibu yangu, akapanga khanga yake magotini, na nilipomuuliza kwa hasira kwa nini amerudi, alijibu kwa sauti ya chini kwamba alidhani wananipeleka kule. Kule, alivyokujua yeye.

Watu walipita siku ile. Hilo nalirudia kwa sababu watu wa Mwandiga wa umri wangu wanapenda kusema hawakuwa na habari. Walipita wauza ndizi waliokuwa wakinunua dagaa wake. Alipita fundi cherehani aliyemshonea. Alipita mama mmoja ambaye Goreti alimsaidia kujifungua, na mtoto mwenyewe mgongoni. Kila mmoja alisimama, akabonyezwa tairi au akafunguliwa kapu, na kila mmoja alipata jambo la kutazama upande wa pili wa barabara. Wawili watatu walisema, "Zuhura huyu tunamfahamu," lakini Kidole alitaka mtu mwenye nyumba. Kuhusu Goreti hakuna aliyefungua mdomo. Hawakumchukia, na ndiyo maana nimeshindwa kuwasahau; mtu anayekuchukia angalau amekutazama.

Bi Hidaya alifika jua likiwa limeanza kuinama, kwenye gari dogo la mzigo, amevaa buibui la kwendea harusi. Kidole alisimama. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Akamwamkia, akampa kigoda.

"Huyu ni wangu," Bi Hidaya akasema akinionyesha. "Nimemjua tangu anacheza vumbi."

"Na yule pembeni yake?"

Nilimtazama Bi Hidaya. Goreti hakumtazama, alikuwa akiangalia mikono yake. Na huyu ndiye mwanamke aliyekula maharage ya Goreti, aliyekuwa akimtuma maji, aliyemwachia watoto wa kuku.

"Yule ni mpangaji tu," Bi Hidaya akasema.

Goreti alipakiwa na wengine. Aliponipa mkono kutoka juu ya lori ulikuwa umekauka, kama wa mtu aliyekuwa akipepeta unga. Baiskeli yake ilibaki kwenye kibanda. Yangu nikarudishiwa.

Usiku huo Bi Hidaya alipika samaki wa migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, chakula cha sikukuu, akaniwekea kipande cha katikati. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii aliyemzidi umri. Alinisubiri nimalize. "Ningesema namjua," akasema, "wangeniuliza tangu lini, na kwa nini nilikaa kimya, na hati ya nyumba iko wapi. Bibi yangu mimi alivuka ziwa hili hili, Zuhura, kutoka ng'ambo ya Kongo, na hakuna aliyemwandika popote. Wewe unafikiri kidole kile kikimaliza tairi kitaishia wapi?" Nimeyageuza maneno hayo miaka yote hii, kwa kuwa yalikuwa kweli. Aliogopa, na alikuwa na sababu. Lakini mtu aliyeogopa sema aliogopa, usimpigie kipaza sauti ukasema mlango wake ulikuwa wa wote. Kesho yake chumba cha Goreti kilifagiliwa, na kabla ya Ijumaa kilikuwa na dereva wa malori ya misaada. Mimi nikahamishia godoro langu mtaa mwingine wa Ujiji.

Nilikwenda kambini baadaye, mzigo wa dagaa na nguo zake nyuma ya ile baiskeli yangu ngumu. Getini nilibishana mpaka wakanipa muda mfupi wa kuonana naye kwenye uzio. Alikuwa amekonda. Aliangalia kwanza gurudumu langu la nyuma, akasema nimefunga mzigo upande mmoja, nitakata spoki. Nikamuuliza analala wapi. Akaonyesha hema kwa kidevu. Nikamuuliza, je, yule mtu yupo? Goreti akapokea furushi, akalikumbatia.

"Yupo. Yeye ndiye anapanga foleni ya mahindi upande wetu," akasema. "Kila asubuhi ananisalimia. Ananiita shemeji."

"Umewaambia wakubwa wa humu?"

"Waliniuliza nina shahidi gani."

Akaniambia nisije tena na baiskeli ile, njia ndefu, nitaharibu mgongo. Nikamwambia mgongo ni wangu. Filimbi ikapigwa, akarudi ndani na furushi lake bila kukimbia. Nilikwenda tena baada ya mvua, nikaambiwa watu wa upande ule wamehamishwa, wengine wamerudi kwao, orodha hawanionyeshi. Nimeuliza kwa kila Mrundi aliyepita dukani kwangu.

Lakini siku ile ya kwanza, nikirudi kutoka kambini, nilifika kizuizini nimechoka kiasi kwamba sikuteremka, niliweka mguu mmoja chini tu. Kidole alikuwa ameketi nje ya kibanda. Nyuma yake iliegemezwa baiskeli ya Goreti, imepanguswa, tyubu zangu mbili ndani yake zimejaa upepo; alikuwa akiitumia kwendea nyumbani. Akainuka kwa uvivu, akabonyeza tairi langu la mbele. Gumu. Akanyanyua ule mti.

"Pita, Zuhura. Wewe tunakujua."

"Unanijua tangu lini?" nikamuuliza.

Akafikiri, kwa kweli alifikiri, kama mtu aliyeulizwa swali la haki.

"Tangu mama mwenye nyumba aseme."